Barabara ya Karatasi ku Bungulu

Batoto bangu, jana mujukuu wangu Mbambu alinionyesha picha mu telefone yake. Ilikuwa anniversaire, siku ya kuzaliwa ya mutoto wa rafiki yake. Maballon ya rangi ya dhahabu, maua ya plastiki, kitambaa kikubwa nyuma, na ule mutoto amekaa katikati kama mutu anangojea kupigwa sindano. Nikamuuliza Mbambu, "Mutoto mwenyewe alitengeneza nini hapo?" Akacheka. "Koko, hakutengeneza kitu. Balileta yote na gari asubuhi, bakapanga, jioni balikuja kuchukua." Eeh! Basi na fête yenyewe, sikukuu ya mutoto, balirudia nayo mu gari.

Hapana kukasirika, sijasema ballon ni zambi. Miye niliacha kazi juu ya magoti, hapana juu ya wivu. Tangu nikiwa musichana mpaka magoti ilipokataa kupinda, nilipamba sikukuu za batoto: batizo, communion ya kwanza, anniversaire, siku ya kumaliza maternelle, masomo ya badogo. Hapa Kimemi, mu Butembo, bananiitaka mpaka leo Mama Maua. Na nyinyi munaniulizaka kila siku namna ya kufanyia badogo benu fête na bitu ya kujitengenezea. Basi mukae. Nitasema vile maneno inakuja, hapana kwa mustari.

Tuanze na colle, gundi ya kubandika, juu bote munakosea hapo. Munaenda kununua ile ya kichupa, inaisha mbele hamujabandika ua la tatu. Mukamate bunga ya muhogo, kijiko mbili tatu, mukoroge na maji ya baridi kwanza. Ya baridi! Ukianza na ya moto inafanya mabonge, na mabonge utayaona ku karatasi kama bipele. Halafu uongeze maji ya moto, uweke ku moto kidogo, ukoroge mpaka igeuke kama uji wa mugonjwa. Ikipoa, unabandika nayo hata dunia. Mais lakini mbele ya kuitumia, utie pilipili ya kusaga.

Pilipili ya nini? Hapo njo nilifundishwa na mbuzi.

Ilikuwa communion ya binti ya jirani yetu. Nilitengeneza minyororo ya karatasi, nyekundu na nyeupe, nikazungusha parcelle nzima, uwanja wote wa nyumba, mi mwenyewe nikasimama mulangoni nikajisifu. Bote tukaenda ku misa. Tuliporudi, mbuzi ya jirani ilikuwa imekula mapambo yote mpaka pale shingo yake inafika. Juu imebaki, chini hakuna. Ilikuwa imesimama katikati ya parcelle, kipande nyekundu inaning'inia mu kinywa, inatuangalia kama siye njo tulichelewa. Mama wa mutoto alitaka kulia. Mutoto mwenyewe alicheka mpaka voile ya ku kichwa ikaanguka. Bunga ya muhogo ni chakula, batoto bangu, mbuzi haikosei. Tangu pale ninatiaka pilipili, na mbuzi za Kimemi zilinichukia zote.

Rangi pia hapana kununua. Karatasi ya mufuko wa simenti, ile ya katikati yenye haikugusa simenti, iko nguvu kupita karatasi yote ya dukani. Unaipangusa, unaichovya. Buluu ya kufulia inakupatia rangi ya mbingu. Manjano ya jikoni inakupatia jua. Na udongo mwekundu wa hapa kwetu, ule unaochafua masoksi yenu, uuchunge na kitambaa, utie maji, upake: hakuna nyekundu nyingine inaishinda. Nikiwa kijana nilikuwa ninashangaa sana na hiyo. Mutu anatembea juu ya rangi siku zote, halafu anaenda kuuliza ku duka.

Mutu mwenye alinifungua macho mu hii kazi ni mama moja wa Vuhovi, Mama Kanyere, mufumaji wa mikeka na bitunga. Yeye njo alinifundisha maganda ya mugomba iliyokauka: unaloweka kwanza, unapasua na ukucha, unasokota ikingali na maji. Ukisokota kavu, inavunjika, na alikuwa anakupiga ku bidole na ule ukamba uliouvunja. Mama yule hakuwa wa maneno mingi. Siku moja alishuka Butembo kuuza, nikamuvuta akuje aone fête niliyopamba. Nilikuwa nimejaza maua juu, ku dari yote, hata tôle ya bati haikuonekana. Nikangoja anisifu.

Hakuangalia juu. Alikaa chini, polepole, na ule mwili wake mukubwa, katikati ya biti bidogo bya batoto. Halafu akasema, "Huku chini uliweka nini?"

"Huku chini? Hakuna kitu, mama."

"Na batoto batakuwa wapi?"

Nikakaa karibu yake. Mungu wangu! Niliona miguu ya meza, misumari ilitokea chini ya mbao, na magoti ya bamama. Ile fête yote nilikuwa nimepambia batu barefu. Nilisikia haya, mais nilisikia na kitu ingine, kama mutu alinipeleka mu inchi nyingine bila kutoka mu nyumba. Tangu ile siku, nikimaliza kupamba ninakaa chini kwanza. Chini ya meza ninafunga ndege za karatasi. Nyuma ya mulango, kwa urefu wa mutoto wa miaka ine, ninabandika kitu kidogo chenye mukubwa hatakiona. Batoto banakipata kila mara. Hata sijui banajuaje.

Makosa yangu ingine ni ya haya zaidi, juu miye ni Munande wa kuzaliwa, kabila ya hapa kwetu, na ningepaswa kujua. Munajua kwetu jina inafuata namna ulizaliwa: binti wa kwanza ni Masika, na wa nyuma banafuata hivyo hivyo, kila mumoja na jina ya nafasi yake. Sasa mama moja alinipa kazi: "Fanya anniversaire ya Masika." Nikakata maherufi makubwa, nikaandika ku ukuta BONNE FÊTE MASIKA. Ile parcelle ilikuwa ya bandugu bane, kila mumoja na bibi yake na batoto bake. Saa ya fête ikafika, nikaona Masika wa kwanza anatoka na nguo mupya. Nyuma yake Masika wa pili, amepakwa mafuta. Halafu wa tatu. Halafu wa ine, mudogo kabisa, anabebwa. Kila mumoja anaonyesha ukuta, anasema, "Ni yangu." Na kiti ya kupambwa ilikuwa moja.

Muniulize nilifanya nini. Nilikamata maherufi, nikayatoa ku ukuta, nikakata mataji mane, nikabavalisha bote. Mwenye anniversaire alilia kidogo, halafu akaona yuko na bamalkia batatu ba kucheza nabo, akasahau. Mais miye sikusahau. Kutoka pale, nikiitwa, sishiki mukasi mbele ya kumuuliza mutoto mwenyewe: weye ni nani, unapenda nini, ukifunga macho unaona nini. Bakubwa banakuambiaka jina na saa. Mutoto anakuambia fête.

Sasa nibaambie ile iliyonifunga kinywa.

Haikuwa hapa Butembo. Ilikuwa Beni, ku Bungulu, kwa Kavira, mutoto wa dada yangu mukubwa. Kavira alipendana na Issa, kijana wa Kiislamu, bakaoana kwa desturi ya Kiislamu, hapana mu kanisa. Dada yangu alikuwa ameshaona ile ndoa mu roho yake, na misa, na kwaya, na voile ndefu. Aliposikia, akasema, "Siku nitakanyaga Bungulu, ni kunibeba maiti." Na Muzee Ramazani, baba ya Issa, alipofikiwa na ile maneno, na yeye akasema, "Kama banaona sisi ni bachafu, bakae kwabo." Miaka minane ikapita vile. Hapana kubahukumu. Balikuwa batu bazuri bote babili, benye kiburi bote babili, na kila mumoja anangojea mwenzake aanze.

Katikati ya ile kiburi Kavira akazaa Zaina. Yeye njo alikuwa anapita pande zote mbili. Vacances, masomo ikifungwa, yuko Kimemi kwa koko wake wa Butembo, anakula mboga ya lenga-lenga, anaenda ku misa anasinzia. Masomo ikianza yuko Beni kwa koko wake wa kiume, anafundishwa dua. Alikuwa anabeba salamu ambazo hazikutumwa. "Koko wa Beni anakusalimia," anaambia dada yangu. Uongo mutupu! Na dada yangu anajua, mais anajibu, "Umuambie aksanti."

Karibu afikishe miaka saba, Kavira alinipigia. Muzee Ramazani alikuwa amesema anniversaire si desturi yabo, mais kwa Zaina bafanye dua na bakule kidogo, na mapambo hapana mubaya. Nikapanda gari, nikafika siku tatu mbele ya fête. Nikakaa chini na Zaina ku baraza. Meno ya mbele ilikuwa imeng'oka.

"Zaina, tutapamba nini? Princesse? Banyama? Maua?"

"Barabara."

"Barabara gani?"

"Ile ya kwa koko na kwa koko." Akanionyesha na kidole, toka mulango wa nyumba mpaka ku portail, mulango mukubwa wa inje. "Huku Beni, kule Butembo. Koko wa Butembo akae kule, koko wa Beni akae huku. Halafu batembee, bakutane katikati. Bakikutana, njo fête inaanza."

"Na basipokutana?"

Aliniangalia kama miye njo mutoto. "Juu ya nini basikutane? Barabara iko."

Nilienda jikoni. Kavira alikuwa amesikia yote, amegeukia ukuta. Akaniambia, "Mama mudogo, mama hatakuja. Na Zaina atakaa kungojea mbele ya kiti tupu. Ana miaka saba sasa, hapana wa kudanganya tena. Ataelewa ni yeye njo banakataa." Na akalia kweli, na unga ku mikono, hata hakuweza kujipangusa.

Nikapigia dada yangu hapo hapo. Sikumubembeleza, juu ukimubembeleza anakuwa mugumu zaidi. Nilisema tu, "Dada, mutoto ametengeneza nyumba yako na carton. Iko na mulango wa buluu kama yako. Mbele yake ameweka kiti. Kiti ya kweli."

Dada akasema, "Nitaona hali ya barabara." Na barabara yetu munaijua: kuna juma inapitika, kuna juma kila mutu anakaa kwabo. Sikuweza kujua anasema barabara gani.

Basi tukajenga. Kwanza ile nyumba ya carton, ku portail, juu nilikuwa nimeisema mbele haijakuwako. Nilikata karatasi ya simenti, nikaunganisha na colle ya pilipili, mustari murefu toka baraza mpaka portail. Batoto ba jirani bakakuja, na kopo za sardine na sapatu za plastiki zilizoisha. Unakata magurudumu mu sapatu, unapitisha fil de fer, ule waya, unafunga kamba mbele, tayari lori. Mais Zaina hakutaka barabara laini. Alitaka mashimo. Alitaka matope pale lori zinakwamaka. Aliweka bamama ba maganda ya mugomba banauza ndizi kando ya njia, na barrière ya kijiti, pale banasimamishaka magari, na tawi ndogo za eucalyptus ku milima. Nilimuuliza, "Haka kajiwe kanalala hapa ni nini?" Akasema, "Ni pale gari yetu ilisimama, baba akaniambia nifunge macho." Sikuuliza tena. Nimepamba sikukuu nyingi, mais sikuona hata siku moja mutoto wa miaka saba anaweka woga wake ku fête yake, anaupanga kando ya ndizi na milima, anapita mbele. Nilibaki na mukasi mu mukono.

Na Muzee Ramazani? Alikuwa ku kiti yake, tasbihi mu bidole, anajifanya haoni. Yule mutu alikuwa ameendesha lori ku ile barabara maisha yake yote. Siku ya kwanza alihesabu tasbihi. Siku ya pili akakohoa. Halafu:

"Hapana vile. Kona inakuja mbele ya daraja."

Zaina akasogeza daraja.

"Na mulima wa Kabasha unapanda zaidi. Hapo gari inalia."

Zaina akaongeza udongo. Kufika magharibi, muzee alikuwa ameshuka ku kiti, amepiga magoti ku karatasi yangu, anachora kona na fimbo, anabishana na batoto saba kwa mara moja. "Pale nililala siku ine mu matope! Siku ine! Mama moja akaniletea ugali, hakuniuliza dini." Alisema vile, halafu akarudi ku kiti. Miye nilijifanya ninachanganya rangi.

Siku yenyewe, saa ya muchana, taxi ikasimama ku portail. Dada yangu akashuka. Amevaa kitenge chake cha Pasaka, amebana mukoba ku kifua kama mutu anaogopa kuibiwa. Hakusalimia mutu. Alienda moja kwa moja ku ile kiti mbele ya nyumba ya carton yenye mulango wa buluu, akaiangalia, akakaa. Kule ku baraza, Muzee Ramazani amekaa na kanzu nyeupe. Barabara yote katikati yabo. Batu ba jamaa pande zote. Zaina akainua mukono kama polisi wa njia.

"Mutembee!"

Bakasimama. Bakaanza kutembea. Polepole, kila mumoja anaangalia miguu yake, mais banatembea, batoto bangu, banatembea! Nilisikia Kavira nyuma yangu anapumua kwa nguvu.

Sasa musikie upumbafu wangu.

Katikati, pale banapaswa kukutana, nilikuwa nimejenga jukwaa, na biti bitatu juu. Na namna yetu ya kujenga jukwaa hapa Butembo munaijua: unakamata casier za pombe, yale masanduku ya chupa, unaziacha na chupa tupu ndani ili zikuwe nzito zisitikisike, unaweka mbao, unafunika na kitenge. Nilifanyaka vile ku batizo, ku communion, mbele ya mapadri na masista. Casier kwangu haikuwa pombe tena. Ilikuwa muguu wa meza. Alfajiri, banaume bakiwa ku sala, nikaazima casier kwa jirani mwenye kuuza, nikajenga, nikafunika, nikajisifu. Sikuficha. Sikuwaza tu. Mu nyumba ya Muislamu!

Lori ya Zaina, ile kubwa ya kopo ya mafuta, ikapita karibu. Fil de fer ikashika pindo la kitenge. Zaina akavuta kamba. Kitenge chote kikashuka, kwaa, na casier zikabaki wazi mbele ya jamaa yote, na chupa zinang'aa mu jua.

Halafu dada ya Muzee Ramazani akapiga makofi mbili. "Astaghfirullah! Njo heshima ya batu ba Butembo hii? Mwaka wa minane banatupandisha juu ya pombe?"

Dada yangu akasimama pale pale alipofika. Niliona uso wake unafunga. Yeye hakujua kitu ya casier, alisikia tu banamutukana mbele ya batu. Akageuka. Akaanza kurudi ku portail.

Nilianguka ku magoti, haya haya magoti mabovu. "Ni miye! Si yeye, si Kavira! Ni kazi yangu, ni akili yangu ya Butembo, Papa, unipige miye!" Nilikuwa ninalia. Na Zaina alikuwa amesimama na kamba mu mukono, anaangalia koko moja, anaangalia koko mwingine.

Muzee Ramazani aliangalia zile casier. Aliangalia Zaina. Halafu akageuka na yeye, akazunguka nyuma ya nyumba, akapotea. Nikasema mu roho, imeisha. Nimebatenganisha miye mwenyewe, na kitambaa na chupa.

Tukasikia kitu inaburutwa. Inagonga ukuta. Inaburutwa tena. Muzee akatokea kwenye kona ya nyumba, kanzu imepandishwa mpaka ku goti, anasukuma mupira wa lori, gurudumu ya zamani. Mupira mukubwa ule, unamufika ku kifua. Anasukuma, anapumzika, anasukuma. Hakuita mutu. Issa alikimbia kumusaidia, akamufukuza na mukono: "Wacha! Casier zitoke. Tutaweka mipira." Akauangusha katikati, vumbi ikaruka. Halafu akarudi kuchukua wa pili.

Na dada yangu, mukono tayari ku portail, alikuwa amegeuka kuangalia ile kelele. Niliona anaangalia ule muzee anahangaika na mupira wa pili. Akaweka mukoba wake chini. Mu vumbi! Akafunga kitenge chake cha Pasaka ku kiuno vile tunafungaka ku shamba, na akatembea. Alipita nyumba ya carton, alipita Kabasha, alipita katikati, hakusimama, akaendelea mpaka nyuma ya nyumba ya Muzee Ramazani, pale hakuwahi kukanyaga. Tukamusikia kule nyuma:

"Uko unasukuma na mugongo, bokilo. Utavunjika. Sukuma na muguu."

Bokilo! Mukwe wangu! Miaka minane alikuwa anamuita "ule mutu wa malori."

"Nimesukuma hizi mbele weye hujazaliwa," muzee akajibu.

"Tumezaliwa mwaka moja. Sogea."

Bakatokea babili, mupira katikati yabo, beusi mpaka ku biwiko. Miye nilikuwa nimefunga kinywa na mikono miwili. Kavira alikuwa anacheka na analia. Hata ule shangazi wa makofi alikuja kutoa casier, anashika chupa na bidole mbili kama nyoka, anazipeleka inje. Mbao ikawekwa juu ya mipira, biti juu ya mbao, na nibaambie ukweli wa kazi: haikutikisika hata kidogo. Sijaona jukwaa nguvu kama ile.

Mais Zaina alikasirika. Alisimama mbele yabo, mikono ku kiuno. "Hapana! Mulikutana nyuma ya nyumba. Nilisema katikati. Muanze tena."

Tulingoja bakatae. Dada yangu akaangalia Muzee Ramazani. Muzee akainua mabega. Na bale bazee babili, ambao gavana mwenyewe asingebasogeza, bakarudi, kila mumoja ku kiti yake, muzee ku baraza, dada ku nyumba ya carton, bakakaa, bakangojea. Mukono wa Zaina ukapanda.

"Mutembee!"

Bakatembea tena, na safari hii habakuangalia miguu. Bakafika katikati. Dada yangu akanyoosha mukono, akauona uko mweusi wa mupira, akaurudisha. Muzee akaangalia wake, mweusi pia. Halafu akakunja bidole, akamupa kifundo cha mukono, vile mutu anasalimia mwenzake bakitoka bote ku kazi ya udongo. Na dada yangu akamupa chake. Kifundo kwa kifundo. Bakabaki vile muda murefu, hakuna mwenye kutoa wa kwanza.

Zaina akabaangalia vizuri, chini mpaka juu. Halafu akageukia mama yake.

"Sasa ulete chakula," akasema.